Rejeta ya Gari la Zamani na Maji ya Mitundu

Rejeta ni kifaa cha kupozea injini ya gari, nacho hukaa mbele kabisa, nyuma ya wavu wa uso wa gari, kikipokea maji yaliyopata moto ndani ya injini, kuyagawa katika mirija mingi myembamba inayopigwa na upepo, kisha kuyarudisha yakiwa yamepungua joto ili yakachukue joto jingine. Jina lake lina asili ya Kilatini na maana yake ni kitoa miale, ingawa kwa hakika sehemu kubwa ya joto la rejeta haiondoki kwa miale, bali huchukuliwa na hewa inayogusa mapezi, yaani vile vibati vyembamba vilivyokunjwa na kushikizwa katikati ya mirija. Takriban theluthi moja ya nishati iliyomo katika petroli au dizeli inayoungua huishia katika maji haya, theluthi nyingine hutoka pamoja na moshi, na kinachobaki ndicho kinacholisukuma gari. Kwa maneno mengine, joto linalokaribia kulingana na nguvu yote ya gari lazima lipitie katika rejeta, na njia hiyo ikiziba, kichwa cha injini hupinda na gasketi yake huungua.

Makala haya yanahusu rejeta za magari ya zamani katika kata ya Mitundu, Halmashauri ya Wilaya ya Itigi, mkoani Singida, na hususan rejeta za Land Rover zilizotengenezwa kati ya mwaka 1958 na 1985, magari ambayo kwa miongo mingi yalikuwa ya serikali, ya misheni na ya wawindaji katika Tanzania ya kati. Mwenye gari la namna hiyo, rejeta yake inapoanza kuvuja, hukabiliwa na swali moja tu, nalo ni kama itengenezwe au inunuliwe nyingine. Swali hilo ni halali, lakini huulizwa mapema mno. Rejeta ya shaba haifi kwa wingi wa miaka. Huuawa na maji yaliyotiwa ndani yake, na mtu anayebadilisha rejeta bila kubadilisha maji hununua ugonjwa uleule kwa mara ya pili.

Tatizo la maji lina umri sawa na gari lenyewe. Gari la Karl Benz la mwaka 1886 halikuwa na rejeta ya namna inayojulikana leo. Maji yake yalichemka na kupotea kama mvuke, na mke wake, Bertha Benz, aliposafiri kutoka Mannheim hadi Pforzheim mwezi Agosti 1888, alilazimika kusimama njiani mara kwa mara kuomba maji. Mwaka 1900 Wilhelm Maybach alibuni rejeta yenye umbo la sega la nyuki kwa ajili ya gari la Mercedes la nguvu za farasi 35, akiunganisha mirija midogo 8,070, kila mmoja ukiwa na upana wa milimita 6 kwa 6, na kwa ubunifu huo maji machache yakatosha kupoza injini kubwa. Watu wa Itigi na Mitundu, ambao ufugaji wa nyuki ni kazi yao ya jadi, hawana haja ya kuelezwa zaidi sega ni nini: nafasi ndogo yenye kuta nyingi. Hata hivyo dereva anayeteremka leo kuelekea Rungwa na madumu mawili ya maji nyuma ya kiti, kwa kuwa rejeta yake imechoka, amerudishwa katika hali ya Bertha Benz, miaka zaidi ya 100 baada ya dawa kupatikana.

Mazingira ya Mitundu yenyewe huipa rejeta kazi nzito kuliko ilivyo pwani. Uwanda huu uko zaidi ya mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, ambako kanieneo ya hewa, yaani uzito wa hewa unaokandamiza kila kitu, ni ndogo, na kwa sababu hiyo maji katika sufuria iliyo wazi huchemka yakifika karibu nyuzi 96 za Selsiasi badala ya 100. Tofauti hiyo huonekana ndogo kwa mpishi, lakini ni kubwa kwa injini ambayo thamostati yake, yaani kizibo kinachojifungua kwa joto ili maji yaanze kuzunguka, hufunguka ikiwa kwenye nyuzi 80 hivi. Ndiyo maana mfuniko wa rejeta si kifuniko cha kawaida. Ndani yake kuna springi inayozuia mvuke kutoka mpaka mgandamizo ufike kipimo fulani, na mfuniko ulioandikwa namba 9, maana yake pauni 9 kwa kila inchi mraba, hupandisha kiwango cha kuchemka kwa maji hapo Mitundu hadi kupita nyuzi 110. Mfuniko ambao mpira wake umekauka, au ambao umepotea na nafasi yake kuchukuliwa na kitambaa kilichofungwa kwa mpira wa baiskeli, huyarudisha maji kwenye nyuzi 96, na gari huchemsha ingawa rejeta ni nzima. Rejeta nyingi zimeng'olewa na kubomolewa kwa kosa la mfuniko.

Kwa nje, adui ni vumbi na nyasi. Barabara inayotoka Itigi kupitia Mitundu na Rungwa kuelekea Chunya na Mbeya hupita katika vichaka vizito vya Itigi na kisha katika misitu ya miombo, na katika miezi ya kiangazi mbegu za nyasi zenye nywele, mabawa ya wadudu na vumbi jepesi la mchanga hujaa katikati ya mapezi mpaka hewa isipenye. Gari linaloziba kwa namna hii hutoa dalili ya pekee: hutulia likiwa taratibu asubuhi, kisha huchemsha likipanda kilima au likijikokota kwenye mchanga kwa gia ndogo, kwa sababu feni pekee haiwezi kuvuta hewa kupitia ukuta wa nyasi. Tiba ni kupuliza au kumwagia maji kutoka upande wa injini kuelekea mbele, kinyume cha njia ambayo uchafu uliingilia, bila kutumia mkondo wa nguvu unaoyalaza mapezi. Wavu mwembamba unaofungwa mbele ya uso wa gari wakati wa nyasi ndefu huzuia mengi ya hayo, mradi ukung'utwe kila linaposimama, kwani wavu ulioziba hauna tofauti na rejeta iliyoziba. Nyasi kavu zinazojikusanya chini ya gari karibu na bomba la moshi ni jambo jingine na la hatari zaidi, maana hizo huwaka moto.

Kwa ndani, adui ni maji yenyewe, na hapa ndipo penye kiini cha jambo. Itigi inafahamika nchini kwa machimbo ya jasi, ambayo ni madini ya kalisiamu na salfa yanayotumika katika kutengeneza saruji, na ardhi yenye madini ya namna hiyo huelekea kuyafanya maji ya visima kuwa magumu. Maji magumu ni yale yaliyoyeyusha chumvi za kalisiamu na magnesiamu, na mama yeyote wa nyumbani huyatambua bila maabara, kwa kuwa sabuni hukataa kutoa povu ndani yake na sufuria ya kuchemshia huota gamba jeupe. Gamba hilo huota vilevile ndani ya mirija ya rejeta, ambayo ni bapa na uwazi wake ni wa milimita chache tu. Kila maji yanapopungua na dereva kujaza mengine ya kisima, chumvi mpya huingia ilhali ya zamani imebaki, kwa sababu mvuke hutoka mtupu na kuyaacha madini nyuma. Gari linalovuja kidogo na kuongezwa maji kila siku kwa mwaka mzima limemezeshwa madini ya mapipa mengi ya maji, na mmiliki hushangaa kwa nini rejeta imeziba wakati hajawahi kuikosesha maji hata siku moja.

Juu ya gamba huongezeka kutu. Injini ya Land Rover ya zama hizo ni ya chuma cha kusubu, na chuma kinachokutana na maji matupu yenye hewa hutoa matope mekundu yanayotua katika tangi la chini la rejeta na kuziba mirija kuanzia mwisho wake. Ipo imani iliyoenea kwamba kulanti, yaani kile kimiminika cha rangi kinachochanganywa na maji, ni kitu cha nchi za baridi, kilichobuniwa ili maji yasigande, na kwa hiyo hakina kazi Singida. Imani hiyo ina nusu ya ukweli. Kulanti ya glikoli huzuia kuganda, lakini pia hupandisha kiwango cha kuchemka, na zaidi ya yote hubeba dawa za kuzuia kutu ambazo ndizo hasa zinazohitajika Mitundu. Asiyeweza kuimudu kila mara ana njia ya pili, iliyo bora kuliko kisima: maji ya mvua yanayokingwa kutoka paa la bati, baada ya mvua za mwanzo kulisafisha paa hilo vumbi la kiangazi. Mvua ya huku huja kwa msimu mmoja, kati ya Novemba na Aprili, na madumu machache yaliyofungwa vizuri na kutengwa kwa ajili ya gari hutosha hadi msimu unaofuata. Tahadhari moja haina budi kutiliwa mkazo: glikoli ni sumu yenye ladha tamu, na kulanti iliyomwagwa uani huua mbwa na kudhuru watoto, hivyo imwagwe katika chombo na kufukiwa mbali na visima.

Baada ya hayo swali la kutengeneza au kubadilisha laweza kujibiwa. Rejeta ya zamani ina sehemu tatu: tangi la juu, tangi la chini, na kiini kilicho katikati chenye mirija na mapezi. Matangi na mirija hutengenezwa kwa shaba njano, ambayo ni mchanganyiko wa shaba nyekundu na zinki, mapezi hutengenezwa kwa shaba nyekundu tupu, na vyote huunganishwa kwa lehemu, yaani aloi ya risasi na bati inayoyeyuka chini kabisa ya kiwango cha kuyeyuka cha shaba. Katika ujenzi huo mna heshima fulani kwa fundi wa baadaye, kwa sababu kila kiungo kilichofungwa kwa lehemu hufunguka kwa joto. Rejeta za kisasa, ambazo zilianza kuenea katika miaka ya 1970 na 1980, zina kiini cha alumini na matangi ya plastiki yaliyobanwa kwa meno ya bati juu ya mpira. Ni nyepesi, ni rahisi kutengeneza kiwandani, na zinapoza vizuri, lakini plastiki yake ikishapasuka kwa uzee hakuna moto wala lehemu inayoirudisha. Gundi hushika kwa wiki chache.

Uchunguzi hutangulia moto. Injini ikiwa imezimwa na bado ina joto, kiganja kikipitishwa polepole juu ya kiini, feni ikiwa imesimama, hutambua sehemu baridi, na sehemu baridi ni mirija iliyoziba. Madoa ya kijani pembezoni mwa kiungo ni kutu ya shaba na huonyesha mahali maji yanapotokea hata kama uvujaji hauonekani. Maji ya rangi ya maziwa yenye mafuta, au mapovu yasiyokoma katika tangi la juu wakati injini inaunguruma, yaonyesha gasketi ya kichwa cha injini imeungua, na hapo rejeta haina hatia. Mfuniko haufunguliwi kamwe gari likiwa la moto, kwa sababu maji yaliyobanwa kwenye nyuzi 110 hugeuka mvuke mara tu mgandamizo unapoondoka, na mvuke huo umeunguza nyuso na mikono ya madereva na utingo wengi.

Kwenye Land Rover za aina hii, paneli ya mbele inaweza kufunguliwa na kutolewa pamoja na rejeta yake, jambo ambalo humpa fundi nafasi ya kufanya kazi akiwa amekaa. Rejeta ikishatolewa, matundu yake ya mipira huzibwa, kisha huzamishwa katika pipa lililokatwa nusu na kujazwa maji, na hewa kidogo huingizwa kwa pampu ya baiskeli, isizidi kipimo kilichoandikwa kwenye mfuniko. Mapovu ndiyo yanayoonyesha tundu. Mahali hapo husuguliwa mpaka shaba ing'ae kama pete mpya, maana lehemu haishiki juu ya uchafu wala oksidi, na hupakwa kloridi ya zinki, ambayo mafundi huipata kwa kuilisha tindikali ya chumvi vipande vya zinki, mahali penye hewa ya kutosha, hadi iache kutoa mapovu. Joto linalotakiwa ni la upole na la kuenea. Lehemu ya kawaida huanza kuyeyuka kwenye nyuzi 183, na moto wa gesi unaotumika kuunganishia fremu za vyuma hupita mbali kiwango hicho, huunguza zinki iliyomo katika shaba njano na kuyeyusha viungo kumi jirani ili kuziba kimoja. Fundi makini hufunika viungo vya jirani kwa vitambaa vilivyoloweshwa, na akimaliza huosha kazi yake kwa maji ya moto yenye magadi kidogo, kwa kuwa tindikali iliyobaki huendelea kula shaba baada ya gari kuondoka. Risasi ni sumu, kwa hiyo kazi hii haifanyiki jikoni wala mbele ya watoto, na kwa sababu hiyohiyo mirija ya rejeta kuukuu haifai kabisa kupozea au kupitishia kinywaji chochote cha binadamu.

Mrija uliotoboka katikati ya kiini, mahali ambapo lehemu haifiki, hubanwa juu na chini na kufungwa moja kwa moja. Mrija mmoja au miwili ikifungwa, injini haitajua; ikiwa mingi, rejeta itakuwa haivuji lakini pia haipozi, na hilo ni kosa linalofanywa kwa nia njema kila mahali. Rejeta iliyoziba kwa gamba la chokaa huweza kufunguliwa kwanza kwa siki au maji ya ndimu, yakiwa vuguvugu kwa saa kadhaa, kisha kusuuzwa sana. Ikiwa imeziba kwa matope ya kutu, tangi la juu huyeyushwa lehemu na kuondolewa, na ubapa mwembamba wa chuma hupitishwa katika kila mrija, mmoja baada ya mwingine, kazi inayodai subira kuliko vifaa.

Dawa za njiani zinastahili kutajwa kwa kuwa zinatumika: ute wa yai, bizari, pilipili ya unga, na sabuni ya kipande inayosuguliwa juu ya ufa. Yai huganda kwa joto na kuziba tundu, na limewafikisha watu wengi nyumbani. Lakini haliwezi kutofautisha tundu la kuvuja na mrija mwembamba, na kilichoganda ndani ya thamostati hakitoki kwa kusuuzwa. Nta ya nyuki, ambayo mtu wa Mitundu angeifikiria kwanza, haifai hata kwa safari ya kilomita moja, kwani huyeyuka kwenye nyuzi 65 hivi, kabla thamostati haijafunguka.

Kuna hali ambazo kubadilisha ndiyo hekima. Mapezi yakiwa yamekuwa unga na kumong'onyoka yakiguswa, shaba nyekundu imeliwa na hakuna cha kulehemu. Hapo njia bora, kwa maoni ya makala haya, ni kuwekewa kiini kipya katika matangi ya zamani, kazi inayofanywa na mafundi wa rejeta katika miji mikubwa, ambako rejeta hutumwa kwa basi kama kifurushi na kurudi kwa njia hiyohiyo. Njia inayochaguliwa zaidi, kwa haraka, ni kufunga rejeta ya alumini kutoka gari jingine. Inawezekana, lakini inadai mambo ambayo muuza spea hayasemi: vipenyo vya mipira vilingane, feni isiguse kiini gari linapopiga shimo, rejeta ikae juu ya mpira ili mtikisiko wa barabara usiipasue, na mfuniko wake wa pauni 13 au 15 usitumike na mipira na kiini cha hita vilivyozoea 9. Magadi, ambayo ni rafiki wa shaba, huila alumini. Na alumini iliyounganishwa na chuma na shaba katika maji ya kisima yenye chumvi huwa kama betri, ikajitoa yenyewe kidogo kidogo, hivyo mwenye rejeta ya alumini hana tena hiari kuhusu kulanti.

Uwezo wa kutengeneza badala ya kununua una historia yake. Kati ya mwishoni mwa miaka ya 1970 na katikati ya miaka ya 1980, baada ya vita vya Kagera na kupanda kwa bei ya mafuta duniani, fedha za kigeni zilikauka na spea zikawa adimu nchini kote. Magari yaliyoendelea kutembea yalitembea kwa sababu kulikuwa na watu waliojua kulehemu, kuchonga na kubadilishana vipuri. Kabla ya hapo, mwaka 1966 na 1967, Bert Shankland na Chris Rothwell kutoka Dar es Salaam walishinda mbio za magari za Safari kwa Peugeot 404, gari la rejeta ya shaba, katika vumbi na matope ya Afrika Mashariki, na miaka michache nyuma, mwaka 1962, mbio hizohizo zilichukuliwa na Volkswagen, ambayo injini yake hupozwa kwa hewa na haina rejeta kabisa. Yule asiyetaka shida ya maji alikuwa na gari lake. Aliyechagua Land Rover au Peugeot alichagua pia kuyatunza maji.

Elimu hiyo ya miaka ya shida inapungua kimyakimya, na inapunguzwa pia na mizani ya mnunuzi wa vyuma chakavu, ambaye hulipa rejeta ya shaba kwa kilo na kuipeleka kuyeyushwa. Kwa mwenye gari lililolala, fedha hiyo huonekana kama baraka. Lakini matangi mawili ya shaba njano yasiyo na ufa, yenye shingo nzima ya mfuniko na masikio ya kufungia yaliyonyooka, ndiyo sehemu ambayo fundi wa mjini hawezi kuitengeneza kwa urahisi, ilhali kiini anaweza kukipata. Kwa hiyo rejeta kuukuu iliyotolewa kwenye Land Rover yafaa isuuzwe, ikaushwe, izibwe matundu yake kwa vitambaa ili manyigu yasijenge ndani, na itundikwe darini mpaka siku kiini kitakapopatikana.